Jumatatu Hamamu Limefungwa

Sendai, 6 Juni 1976

Baba,

Shikamoo. Najua barua huanza na habari za mvua na maua ya bustanini, lakini leo uniwie radhi, maua yangoje. Jana nilipiga simu nyumbani. Mama akapokea pale kwenye meza yake ya malipo, mlangoni mwa hamamu letu, nikamuuliza hali yako, akanong'ona, "Baba yako alianguka hodhini Alhamisi." Nikasema, "Alianguka vipi?" Kabla hajajibu nikasikia Mzee Yasui muuza tofu anadakia, "Nani kaanguka? Nani huyo?" Mama akanitakia usiku mwema akakata simu. Usiku mwema, na ilikuwa saa kumi jioni!

Ndiyo maana naandika. Simu ya hamamu ni simu ya mtaa mzima, na wewe huwezi kusema ukweli mbele ya wanaume waliojifunga taulo.

Basi niambie. Ulianguka ulipokuwa unaingia majini au unatoka? Uliona kiza kwanza? Na ile dawa ya presha aliyokuanzishia Daktari Kunitomo tangu majira ya baridi, bado ni kipimo kilekile? Baba, mimi ni mfamasia. Kutwa nzima nawaeleza baba wa watu jinsi ya kumeza vidonge vyao. Habari za baba yangu mwenyewe nazipata kwa kunong'onezwa. Inaniudhi, sikufichi.

Mwanao,
Fumie


Okayama, 13 Juni 1976

We Fumie,

Marahaba. Niliteleza kwenye sabuni. Basi, kwisha habari. Mama yako mdomo wake haujui kufungwa, miaka arobaini nimeshindwa kuuziba.

Kama kweli wataka kujua, nilikuwa natoka majini. Nilisimama, taa zikafifia kidogo, nikakaa chini kwenye vigae. Nilikaa, sikuanguka. Mzee Yasui ndiye aliyetangaza kuwa nimeanguka, na Yasui hata tofu yake huisifu kupita kiasi.

Wala usianze ile hadithi yako ya kipimajoto. Toka enzi za babu yako, mwenye hamamu ndiye wa kwanza kuingia majini, kabla pazia la kuonyesha tumefungua halijatundikwa mlangoni. Anaingia mwili mzima hadi shingoni. Maji yakimkubali yeye, yatamkubali mteja. Kipimajoto kina ngozi?

Kuhusu dawa, Kunitomo kaongeza. Naenda kwake Jumatatu, siku tunayofunga, maana siku nyingine nani atachochea tanuri? Jumatatu iliyopita alinifunga lile bomba lake mkononi, akapuliza, akatikisa kichwa, akasema presha iko juu sana, akaongeza vidonge. Mdomo wangu umekauka kama nimelamba majivu, na mchana nasinzia mbele ya moto. Ila nafanya kazi. Kazi ndiyo dawa yangu. Jumatatu nikiwa sina la kufanya ndipo moyo hunienda mbio, jasho linanitoka, na kila anayenisemesha namwona adui. Jumanne, nikishawasha moto, natulia. Nenda kawaeleze hayo huko hospitali kwenu: mtu wa kazi akikaa bure anaugua.

Tena umefika miaka thelathini na minne. Badala ya kunichungulia mimi, chungulia waume.

Baba yako,
Tokuzo


Sendai, 20 Juni 1976

Baba,

Waume nitawachungulia wakianza kuwa na akili. Sasa nisikilize, na usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Mwilini mna neva ambazo hazingoji amri yako. Wewe umelala, zenyewe zinauendesha moyo, zinabana mishipa ya damu na kuilegeza, zinatoa mate na jasho. Ukisimama ghafla, damu yote inataka kuporomoka miguuni. Neva hizo hubana mishipa ya miguu haraka ili damu ipande kichwani, na wewe hujui hata kama kuna kazi imefanyika. Dawa aliyokupa daktari inakwenda kwenye ubongo na kuzipunguza neva hizo nguvu. Moyo unapiga polepole, mishipa inalegea, presha inashuka. Na kwa kuwa zimepunguzwa nguvu, mate yanakauka na usingizi unakuja. Hayo si ajabu.

Sasa wewe mwenye dawa hiyo unajitumbukiza kwenye maji ya moto ambayo Mzee Yasui peke yake ndiye anayeyamudu. Moto nao unalegeza mishipa. Kisha unasimama wima! Damu inashuka, neva zimelemewa, kichwa kinabaki kitupu. Unajua mabomba kuliko mimi, Baba. Ukifungua mabomba yote ya chini kwa pamoja, bomba la juu litatoa nini?

Kwa hiyo, maji yapime kwa mkono. Ukilazimika kuingia, toka polepole, kaa ukingoni kwanza. Punguza mboga za kachumbari za Mama, zimejaa chumvi. Pombe ya sake acha.

Lakini kuna jambo linanikera na sijalipatia jibu. Kama dawa inakuangusha, presha yako iko chini. Kama Daktari Kunitomo anaiongeza, presha yako iko juu. Haiwezi kuwa yote mawili! Na mtu aliyepumzika Jumatatu nzima presha yake ingeshuka, siyo ipande. Nadhani umechoka kupita kiasi na mwili unakusuta siku unapoupa nafasi. Siku moja ya mapumziko haitoshi. Funga siku mbili kwa wiki. Nakuomba.

Mama, najua unaisoma hii kabla yake. Niandikie wewe. Je, vidonge anameza?

Fumie


Okayama, 4 Julai 1976

Fumie mwanangu,

Naandika Baba yako akiwa kule nyuma anapasua mbao. Ameniambia nisikuandikie, kwa hiyo usimwambie nimekuandikia.

Ameanguka tena jana Jumamosi. Safari hii si sabuni. Alikuwa ametoka hodhini mbele ya wateja, akageuka mweupe kama karatasi ya dirisha, akaenda chini. Mzee Yasui akamshika, wakaanguka wote wawili uchi, wakalala pale. Watu walicheka, hata mimi nilicheka, halafu nikaona Baba yako hachekeshwi wala hakasiriki, nikaogopa. Baba yako asiyekasirika simjui.

Vidonge anameza, mwanangu. Vinakaa kwenye rafu kule tanurini, kwenye kopo la chai. Anameza saa sita kabla ya kuwasha moto, anameza tena akishafukia makaa. Mimi mwenyewe humpelekea maji. Kwa hilo usimlaumu.

Jumatatu ndiyo siku mbaya. Mikono inamtetemeka, anatokwa na jasho tumekaa kivulini, Jumatatu iliyopita kanitupia kikombe kwa sababu mkeka wa tatami ulikuwa na vumbi. Alipokwenda kwa daktari, presha ilikuwa juu kuliko mwezi uliopita. Kaongezewa tena. Nilitaka kumwambia daktari kuhusu kuanguka, Baba yako akanikanyaga mguu chini ya kiti.

Mwanangu, wewe umesoma. Mbona dawa zinaongezwa na yeye anazidi?

Mama yako,
Kinu


Sendai, 11 Julai 1976

Baba,

Safari hii sitabembeleza.

Nimesikia umeanguka tena. Usiulize nimesikia kwa nani, mtaa mzima una midomo. Nilimwandikia Daktari Kunitomo barua ya heshima yenye kila neno la adabu ninalolijua. Nilimweleza kwamba unaanguka. Nimejibiwa kwa kadi yenye mistari miwili: anashukuru kwa mawazo yangu, na hali ya mgonjwa anaijua yeye anayempima. Anakupima Jumatatu tu! Anaijua Jumatatu yako, siku sita zilizobaki hazijui, na wewe hutaki kumwambia. Sasa mimi nifanyeje? Nije nipande juu ya tanuri nipige kelele?

Wenzangu hapa kazini nimewauliza. Mmoja amesema, "Baba yako anatumia dawa na maji moto pamoja, mwambie aache maji." Mwingine amesema, "Mzee wa miaka sitini na nane anayechochea moto mchana kutwa wakati wa joto, unashangaa presha?" Wote wanarudi palepale ninaporudi mimi: pumzika. Nimechoka kuliandika neno hilo.

Ninaomba jambo moja tu, Baba, halafu ninyamaze. Siku za kuwakaribisha wazee wetu waliotutangulia, mwezi wa Agosti, funga. Usifunge Jumatatu peke yake. Funga Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, siku tatu mfululizo, ukae barazani na Mama, usiguse kuni. Mimi nina zamu, sitaweza kuja, ila nitajua umekaa. Babu mwenyewe akija kutembelea altare ya nyumbani akakukuta umekaa, hatakasirika. Nitamwomba mimi.

Ukikataa na hili, basi sijui tena. Nitajua kwamba maneno ya mteja yeyote anayelalamika maji ni ya vuguvugu yana uzito kwako kuliko yangu.

Fumie


Okayama, 12 Agosti 1976

Fumie,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimenuna. Sasa nimechoka kununa.

Haya, umeshinda. Tangu babu yako afungue hamamu hili, halijawahi kufungwa siku tatu, hata mwaka ule mto ulipofurika. Nimeandika tangazo kwa brashi, herufi kubwa, nimelibandika mlangoni: Jumamosi, Jumapili na Jumatatu tumefunga, tunaomba radhi. Yasui alisimama mbele yake kama anasoma habari ya msiba. Akaniuliza, "Tokuzo, umefilisika?" Nikamwambia, "Hapana, nina binti." Akasema pole.

Basi ufurahi. Tutapumzika wote, tanuri litapoa, mama yako hatakaa kwenye ile meza, na mimi nitakula tikiti maji barazani kama tajiri. Hata vile vidonge vyenu vitapumzika siku zote tatu. Nadhani na vyenyewe vimechoka, tangu Kunitomo aviongeze vinafanya kazi maradufu. Jumatatu moja haivitoshi, kama ulivyosema.

Au hukujua? Mimi si mjinga wa kutumia kitu bila kukipumzisha. Baba yangu alinifundisha: tanuri lisilopumzika hupasuka. Na dawa ni vivyo hivyo, ukiimeza kila siku ya Mungu mwili unaizoea, inakuwa maji. Kwa hiyo siku tusiyowasha moto, kopo silifungui. Toka siku ya kwanza nimefanya hivyo. Kunitomo hajaniuliza, na wewe hujaniuliza. Mnauliza kachumbari.

Mama yako anasema nikuambie ule vizuri. Kula vizuri.

Tokuzo


TELEGRAMU
Sendai, 15 Agosti 1976
BABA MEZA DAWA SASA HIVI USINGOJE KUFUNGUA MAMA MPELEKE HOSPITALI LEO SIMU HAIPOKELEWI FUMIE


TELEGRAMU
Okayama, 15 Agosti 1976
BABA ALIANGUKA ASUBUHI MKONO NA MGUU WA KULIA HAVISOGEI HASEMI YUKO HAI NJOO KINU


Sendai, 12 Septemba 1976

Baba,

Wiki mbili nilikaa kando ya kitanda chako na sikukugombeza hata mara moja. Nilikulisha uji, nikakufuta midomo, nikawa mtoto mwema. Wauguzi walinisifu. Sasa nimerudi kazini, uko mbali, na Mama atakusomea. Leo nakugombeza. Mama, usiruke hata mstari.

Barua yako ilifika Jumamosi nikiwa zamu. Niliikuta Jumapili, nikaisoma nimesimama mlangoni na viatu vyangu miguuni. Nilipofika pale kwenye kopo usilolifungua, niligeuka palepale. Nikakimbilia simu. Ikalia, ikalia. Ile simu iko kwenye ukumbi, na ukumbi mlikuwa mmeufunga kwa kufuli, kama nilivyowaomba. Nilikuwa nasikia simu inalia kwenye hamamu tupu na nilijua mko nyuma ya ukuta ule.

Sikiliza sasa, nikueleze jambo ambalo nilipaswa kukueleza kabla ya mambo ya bomba na chumvi. Dawa ile inazishika zile neva zisipige kelele. Zinashikwa wiki, zinashikwa mwezi, na huku ndani zinasukuma. Ukiiacha dawa ghafla, zinafyatuka zote kwa pamoja. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, jasho, hasira, na presha inapanda juu kuliko ilivyokuwa kabla hujaonja kidonge cha kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumatatu yako, Baba! Haikuwa uvivu wala kukaa bure. Na daktari kila Jumatatu alikuta presha imefyatuka, akaongeza dawa. Dawa iliyoongezwa ikakuangusha Jumamosi. Na kadiri alivyoongeza ndivyo ulivyofyatuka zaidi Jumatatu iliyofuata. Wote tulikuwa tunalizungusha gurudumu moja, wewe, mimi, yeye, na Mama na maji yake ya kumezea. Siku moja ulikuwa unaivuka kwa shida. Mimi nikakuomba tatu.

Nimekasirika nawe. Vidonge si farasi, Baba! Nani alikuambia vinachoka? Unajua kila msumari wa jengo lile, unajua kuni za msonobari na za mbao za ujenzi zinavyowaka tofauti, lakini dawa inayoingia mwilini mwako unaiendesha kwa sheria za tanuri. Na ungesema tu! Barua ngapi tumeandikiana? Ungeandika mstari mmoja badala ya kunitafutia mume.

Nimemkasirikia Kunitomo. Nilikwenda kwake kabla ya kuondoka. Akaniambia, "Hakuniambia." Nikamwambia, "Hukumuuliza." Kisha nikainama kuaga nikatoka, kwa sababu kila nilichotaka kumwambia kilikuwa kinanirudia. Nilikuuliza sake. Nilikuuliza kachumbari. Wagonjwa wangu wote nawauliza, "Unameza kila siku, hata siku ya mapumziko?" Swali lenyewe limeandikwa ukutani juu ya dirisha la kugawia dawa, mkabala na macho yangu. Kwa baba wa watu nalisoma. Kwa baba yangu nilidhani najua.

Tangazo lako lilikuwa bado mlangoni nilipofika. Nililibandua mwenyewe. Limekaa hapa kwenye droo na siwezi kulitazama wala kulitupa. Ningenyamaza, Baba, ungechochea moto wako Jumamosi na Jumapili ile, ungemeza, na mkono wako wa kulia ungekuwa unashika koleo. Sijui nitaishije na hilo. Siulizi ili nijibiwe.

Dawa ni mpya, si ile ya zamani. Ni kila siku. Mama, kopo lihame tanurini, likae jikoni kando ya jiko la wali, maana wali unapikwa hata Jumatatu.

Fumie


Okayama, 22 Novemba 1976

Fumie,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Usicheke. Mama yako kacheka tayari.

Mstari mmoja unanichukua muda, kwa hiyo leo nasema machache, na wewe unyamaze usikilize.

Mama yako anachochea tanuri. Mwanzoni alilaani kila gogo. Sasa anaringa. Maji anayapima kwa kipimajoto. Yasui anasema ni ya vuguvugu, lakini haendi hamamu jingine. Mimi nimewekwa kwenye meza ya mlangoni. Mdomo umepinda kidogo, wateja wapya wanadhani nawadharau. Nawaacha wadhani.

Leo ni Jumatatu. Hamamu limefungwa. Kidonge nimemeza na wali. Cha jioni nitameza. Usiniandikie tena kuhusu hilo, kila barua hilohilo, nimechoka.

Lile tangazo lirudishe, ni mali ya hamamu. Brashi sishiki tena, na mwaka kesho Agosti tutalihitaji.

Kuna kitu mama yako hakukuambia kwa sababu hajui kama mimi nakikumbuka. Ile Jumamosi, siku ya kwanza, kichwa kilikuwa kinaniuma kweli. Lakini tulikaa barazani, tukala tikiti maji, tukatema mbegu bustanini, mama yako akatema mbali kuliko mimi. Jioni mtaa ulikuwa kimya na hakuna aliyenihitaji. Tangu nimwoe hatukuwahi kukaa hivyo. Nilisema moyoni, mtoto huyu kumbe alikuwa na haki.

Dawa ndiyo niliyokosea. Kupumzika sikukosea. Tenganisha hayo mawili, wewe ndiye mfamasia.

Mkono umechoka. Mbegu moja imeota.

Tokuzo